Moshi wa Gioto

Upepo wa jioni ukishuka kutoka Menengai, moshi wa jaa la Gioto hutuingilia London. Nasema London ya Nakuru, siyo ile ya Mfalme Charles. Yetu haina mto. Ina vumbi, ploti za mawe na mahindi ya kuchoma kila kona. Wenyeji wakisikia harufu ya plastiki inayoungua hufyonya, wakaanua nguo, wakafunga madirisha, maisha yakaendelea. Mimi nilikuwa nafunga dirisha, kisha mlango, kisha naingia bafuni nakaa juu ya ndoo iliyofunikwa mpaka kuwe kimya kichwani. Nilikuwa mtu mzima wa miaka 24, mwenye mke na kazi. Mke wangu alidhani nina tumbo baya, nami sikumsahihisha. Tumbo baya halina aibu.

Anayeijua Nakuru ameshakisia hofu hiyo ilianza lini, nilipokuwa mtoto. Ndiyo, ni Januari 2008. Uchaguzi ulikuwa umefanywa mwezi mmoja kabla, na ghasia tulizokuwa tunazisikia redioni, za kwingine, zikafika kwetu mwishoni mwa mwezi. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima. Sitaandika hapa sisi tulikuwa kabila gani na waliotujia walikuwa gani. Kila mara nikisimulia jambo hili mtu huuliza hilo kwanza, na nikishamjibu huwa hasikii tena yanayofuata.

Tulikuwa tunaishi Kaptembwo, mtaa mwingine wa Nakuru hiyo hiyo. Baba alikuwa fundi wa akala, na kibanda chake kilikuwa mbele ya ploti, kimejaa tairi kuukuu mpaka darini. Walipokitia moto kiliwaka usiku mzima. Mama alikuwa amenisukuma nyuma ya nyumba, kwenye upenyo kati ya tangi la maji na ua wa jirani, akanipa mdogo wangu wa miaka 3 na neno moja: asilie. Nikamziba mdomo. Nilikuwa na miaka 10 na mkono wangu ulitosha kumfunika mdomo na pua kwa pamoja. Watu wakapita. Harufu ya mpira unaoungua ikajaa pale. Na kwa miaka 14 iliyofuata, kumbukumbu yangu ilikuwa inakatikia hapo: mkono wangu juu ya uso wake, na yeye ametulia. Baada ya hapo ni asubuhi, tuko uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya wengine, tunapanga foleni ya uji.

Mdogo wangu yu hai. Ana pikipiki ya boda na madeni. Nalijua hilo vizuri sana. Lakini moshi ukija, mwili wangu ulikuwa haulijui.

Ushauri nilioupata miaka yote hiyo ulikuwa mmoja, ukibadilishwa nguo tu: sahau. Mchungaji alisema sahau, mjomba alisema mwanaume hujikaza, na uchaguzi wa 2013 ulipopita nchi nzima ikapewa msemo wake wa kubali uendelee na maisha. Nilijaribu kwa bidii. Kusahau ni kazi ngumu, unaamka nayo asubuhi na kulala nayo usiku, na haina mshahara.

Kilichonitoa huko ni katoni. Nafanya kazi kwenye duka la hadiwea, na siku moja kijana wa stoo aliamua kuchoma katoni na mifuko ya nailoni nyuma ya duka. Sikumbuki kuamua kukimbia. Nakumbuka breki za tuktuk, na dereva wake akinitukana ukoo mzima. (Jambo la ajabu ni kwamba mabati hayakunisumbua hata kidogo. Usiku ule watu walikuwa wanagonga mabati, na mimi nauza mabati, nayasikia yakiangushwa kutwa. Mwili huchagua vyake.) Mwenye duka hakunifukuza. Aliniita kando akaniambia, "Wewe kijana, hii si malaria. Nenda uonwe." Mkewe akanielekeza kwa mama mmoja, muuguzi mstaafu aliyesomea ushauri nasaha, aliyekuwa akiwaona watu kwenye chumba kimoja mjini, juu ya duka la vitambaa.

Nilimwita Dakta. "Mimi si dakta," akasema. "Niite Mama kama unavyowaita wengine wa rika langu."

Mama huyo hakuniambia nisahau. Alisema tutafanya kinyume chake, na kwamba nitamchukia katikati ya njia. Tungekutana mara 12, kila kikao dakika 90. Ningefunga macho na kuusimulia usiku ule kana kwamba unatokea sasa hivi, kwa "ninaona", "ninasikia", kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha narudia, kisha narudia tena. Ningejirekodi kwa simu na kujisikiliza nyumbani kila siku. Kando yake tungeandika orodha ya vitu ninavyovikimbia, kila kimoja na alama yake kati ya 0 na 100 kulingana na hofu inayonipanda, tuanze kuviendea kutoka chini kwenda juu. Kiberiti kilichozimwa nilikipa 20. Duka la tairi, 55. Gioto niliipa 100, akaniuliza kama nina hakika, nikasema ningeipa 120 kama angeniruhusu.

Aina hii ya tiba haikuzaliwa Nakuru. Mwanasaikolojia Edna Foa aliijenga Marekani, na imejaribiwa kwa watu waliobakwa, wanajeshi na waathiriwa wa ajali. Ina ndugu yake aliye karibu nasi zaidi. Wajerumani wa Chuo Kikuu cha Konstanz walitengeneza namna ya kusimulia maisha yote kwa kutandaza kamba sakafuni: jiwe kwa kila baya, ua kwa kila jema, kwa mpangilio wa miaka. Matokeo ya jaribio lao kwa wakimbizi wa Sudan kambini Imvepi, Uganda, yalichapishwa mwaka 2004. Mama alinitandikia kamba hiyo kikao kimoja, ya katani, na maua ya boganvilia aliyoyakata njiani. Nilishangaa maua yalivyokuwa mengi. Nilishangaa pia kwamba jiwe la 2008 lilikuwa na upande wa kushoto na wa kulia, kitu kabla yake na kitu baada yake.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Kikao cha kwanza cha kusimulia nilifungua mdomo pasitoke kitu. Si kulia, si kigugumizi. Maneno hayakuwepo. Nilikaa nikitazama feni, nikaomba msamaha, akasema hilo linajulikana.

Kweli linajulikana. Usiku ule nilinunua bando nikaanza kusoma, na tabia hiyo haijaniacha. Mwaka 1996 kundi la Scott Rauch huko Harvard liliwachukua watu 8 wenye msongo wa baada ya kiwewe (PTSD, hofu inayobaki mwilini baada ya tukio la kutisha kwisha), likawasomea visa vyao wenyewe huku likipiga picha za ubongo. Sehemu zinazohusika na hofu zilichangamka. Sehemu ya Broca, ile ya upande wa kushoto inayotusaidia kutoa maneno, ikapoa. Ni watu 8 tu, na sitaki kujenga ghorofa juu ya msingi huo. Lakini niliposoma hayo saa saba usiku, nikiwa nimekaa juu ya ndoo ile ile, nilijihisi mpumbavu kidogo tu.

Sasa niseme kuhusu muunganiko wa ubongo, maana ndilo jambo lililonifanya niandike, na ndilo linalosemwa ovyo zaidi.

Kaptembwo stima ikipotea usiku, panda ngazi za ploti utazame mtaa. Kuna nyumba zinazoingia giza kwa pamoja na kuwaka kwa pamoja, na nyingine jirani zinabaki na taa zao. Hujaona waya hata mmoja. Lakini ukiishi hapo miezi miwili mitatu utajua nani na nani wako kwenye transfoma moja. Wataalamu wa ubongo wakisema sehemu mbili zimeunganika, mara nyingi wanamaanisha kitu cha namna hiyo. Mtu hulala ndani ya mashine ya MRI, mashine ikafuatilia mabadiliko ya oksijeni kwenye damu kila pahali kichwani, kisha wao hutafuta sehemu zinazopanda pamoja na kushuka pamoja. Ni makisio ya akili, yenye hesabu nyingi, lakini waya wenyewe hawajaushika. Kwa hiyo mtu akikuambia tiba ilimfunga nyaya mpya kichwani, mwulize fundi alipanda ngazi lini.

Nyumba zinazotajwa sana katika habari hii ni chache. Kuna amigdala, kinundu kilichofichika ndani kila upande wa kichwa, ambacho jina lake kwa Kigiriki ni lozi kwa sababu ya umbo lake. Hiki hupiga kamsa. Hufanya na mengine, lakini kamsa ndiyo sifa yake. Kuna hipokampasi, jirani yake wa karibu, inayosaidia kuweka mahali na wakati: hii ni London mwaka 2021 na moshi unatoka jaani, ile ilikuwa Kaptembwo. Na kuna sehemu za mbele, nyuma ya paji la uso, zinazopima mambo na kuweza kumwambia anayepiga kamsa, tumesikia, tulia. Kwa watu wenye kiwewe, tafiti nyingi, si zote, zimeona kamsa ikiwa kali na sauti ya mbele ikiwa dhaifu.

Nilichodhani mimi ni kwamba tiba inafuta. Nilitaka ifute. Nilimwuliza Mama siku ya tatu itachukua vikao vingapi kufutika, akacheka kwa upole. Jibu lake nilikuja kulipata kwa mbwa wa Pavlov, yule mwanasayansi wa Urusi. Kila mtu anajua nusu ya kwanza: ukimzoesha mbwa kwamba ishara fulani huleta chakula, mate humtoka akiisikia tu. Nusu ya pili haisimuliwi sana. Ukirudia ishara bila chakula mara nyingi, mate hukoma. Mwache apumzike, kisha irudie ishara. Mate yanarudi. Mbwa hakuwa amesahau. Alikuwa amejifunza jambo la pili, na mambo hayo mawili yanakaa nyumba moja, yakishindania mlango.

Hapo ndipo utafiti wa Stanford ulinikaa vizuri. Ulichapishwa mwaka 2017 na Gregory Fonzo, Amit Etkin na wenzao. Watu 66 wenye msongo wa baada ya kiwewe. 36 wakapewa tiba ile ile niliyopewa mimi, 30 wakangoja. Wote walipigwa picha kabla na baada, wakipewa kazi mbalimbali: watazame nyuso zenye hofu, watazame picha mbaya, wajaribu kuzifikiria picha hizo kwa jicho lingine. Ningekuwa mimi ningebahatisha kwamba badiliko litaonekana kwenye kamsa yenyewe, kwamba lozi itanyamaza. Badiliko lililojitokeza wazi lilikuwa pahali pengine, sehemu ya mbele kabisa ya ubongo, na lilijitokeza mtu alipokuwa anajitahidi kuiwaza picha upya. Yaani si kwamba jirani ameacha kupiga mayowe. Ni kwamba sasa kuna mtu anayetoka nje na kurunzi kwenda kuangalia kuna nini.

Wengine wamefuata uzi huo kwa njia nyingine. Huko Pennsylvania, mwaka huo huo wa 2017, kundi la Yvette Sheline liliwapa watu wenye kiwewe na wenye sonona wiki 12 za tiba ya kubadili fikra na mwenendo, likaona amigdala na mtandao wa udhibiti wa fikra vikipanda na kushuka pamoja kuliko awali. Michigan, mwaka 2016, Anthony King na wenzake waliwafuata wanajeshi 23 waliotoka Afghanistan na Iraki. Waliopata tiba iliyochanganya utulivu wa kuzingatia na kuikabili hofu walionyesha uhusiano mkubwa zaidi kati ya mtandao unaofanya kazi akili inapozurura yenyewe na sehemu za mbele zinazoielekeza. Mimi nilielewa hivi: akili bado inazurura kwenda Kaptembwo, lakini sasa kuna kamba ya kuivuta irudi.

Nikisema haya kazini, vijana wa stoo huniuliza kwa nini basi nisipigwe hiyo MRI nijue kama nimepona. Haifanyi kazi hivyo. Picha hizi huwekwa pamoja, za wengi, ndipo tofauti ionekane. Hakuna daktari awezaye kuangalia ubongo wako mmoja akasema huyu ana kiwewe, huyu hana. Tafiti zenyewe hazipatani kila mara, washiriki ni wachache, na wengi wao ni Wamarekani. Pia kuona kwamba sehemu mbili zimeanza kwenda pamoja baada ya mtu kupata nafuu hakusemi kipi kilileta kipi. Mimi nazisoma kama barua kutoka kwa jamaa wa mbali: zinanifaa, lakini shamba langu hajaliona.

Barua moja ilitoka karibu zaidi, na haikuwa na mashine. Matokeo ya jaribio lililofanywa Bungoma ya Kenya na Moshi ya Tanzania yalichapishwa mwaka 2020: watoto 640 waliofiwa na mzazi, wakiwa na dalili za kiwewe, na tiba iliyotolewa na watu wa kawaida waliofunzwa, wasio wataalamu wa akili. Upande wa Kenya, mjini na kijijini, watoto waliopata tiba walipungukiwa na dalili kuliko wale wa huduma ya kawaida. Hilo lilinigusa kuliko picha zote za rangi, kwa sababu mimi nilikuwa mtoto pale uwanjani, nikila uji, na hakuna aliyeniuliza kitu. Blanketi tulipewa, na nawashukuru waliotupa.

Kikao cha nne sikwenda. Nilizima simu nikaenda kutazama mpira. Sijui kama vitabu vya tiba vinaandika siku za namna hiyo, lakini Mama aliniambia karibu kila mtu anayo yake. Kujisikiliza kwenye simu ndiko kulikonichosha. Sauti yangu ilikuwa ya kitoto, ilikuwa inapanda juu ikifika kwenye tangi la maji, na kila siku ilikatikia pale pale. Mkono. Ametulia. Asubuhi, uji.

Kikao cha saba Mama aliniuliza swali jepesi. "Mkono umeuondoa saa ngapi?"

Nikafungua macho. Sikuwa nimewahi kuuondoa. Ndani ya hadithi yangu mkono ulikuwa bado uko pale, miaka 14.

"Funga macho. Uko pale. Mkono uko usoni. Kinafuata nini?"

Kilichofuata ni maumivu. Aliniuma. Mtoto yule aliniuma kidole cha shahada kwa meno yake yote, na nikautoa mkono, na akavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyetoka majini. Kovu ninalo mpaka leo. Wala si kwamba nilikuwa sijui. Mama yangu mzazi huwasimulia wageni kila Krismasi kwamba kitinda mimba wake alikuwa na meno ya panya, na hunishika mkono kuwaonyesha ushahidi, watu wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nalijua kovu kama ninavyoijua namba ya kitambulisho changu. Lakini ndani ya usiku ule kovu halikuwepo. Hadithi ya kuchekesha ilikuwa kwenye droo yake na usiku ule kwenye yake, na hakuna siku mtu alizifungua zote mbili kwa wakati mmoja.

Sijui ilikuwa sehemu gani ya ubongo wangu na sehemu gani siku hiyo, na sitajifanya nilisikia kitu kikiunganika. Nilichosikia ni kamasi. Nililia mpaka duka la vitambaa chini likazima redio.

Tuliusimulia usiku ule mara nyingine nyingi baada ya hapo, na kila mara aliniuma. Kwenye rekodi za wiki ya tisa sauti yangu inachoka, inaanza kuboeka. Mama alifurahia kuboeka huko kuliko machozi yote. Duka la tairi likashuka kutoka 55 hadi 15. Nilianza kukaa kwa fundi wa pancha asubuhi, nikinywa chai, nikimwambia namsubiri mtu.

Gioto tulikwenda wiki ya kumi na moja, yeye amevaa kofia ya jua na viatu vya mvua. Kulikuwa na akina mama wakichambua chupa, korongo wamesimama kama makarani, na moshi. Alama ilianza 90. Alinikataza kuziba pua, akanikataza pia kuhesabu vitu ili nijisahaulishe. "Uko wapi?" aliuliza. "Mwaka gani?" Mapigo ya moyo niliyasikia masikioni. Baada ya dakika kama 40 nikamwambia 60. Baadaye 45. Haikufika sifuri siku hiyo, na haijawahi kufika. Mama mmoja wa pale akatuuliza kama sisi ni watu wa kaunti, na kama tumeleta glavu.

Siku hizi moshi ukishuka nafunga dirisha, na bafuni naingia kuoga tu. Kuna majuma mabaya, hasa karibu na uchaguzi, redio zikianza kupasha. Mwaka 2022, wiki ile ya kusubiri matokeo, niliota tangi la maji mara mbili. Nikaisikiliza rekodi ya zamani, ile ndefu yenye kidole, nikarudi kulala.

Mdogo wangu sikuwa nimemwambia lolote. Mwaka jana alipita dukani kuchukua misumari ya mtu, nikamwonyesha kidole, nikamweleza usiku ule wote, tukiwa tumesimama kando ya pikipiki yake. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akakishika kidole, akakigeuza kwenye mwanga kama anayekagua noti.

"Ulikuwa na mikono michafu," akasema. "Bado naikumbuka ladha yake."

Uongo mtupu, alikuwa na miaka 3. Akavaa helmeti, akawasha pikipiki, akaniuliza kama nina mia mbili ya mafuta.